Do ya Sauti ya Tatu

Kiboko,
28 Januari 1980

Ndinda mwenzangu,

Nakuandikia kwenye dawati la darasa la nne, juu ya vitabu vyangu vya hesabu vya chuoni ninavyofundishia. Watoto wamekwenda nyumbani, na malori ya Mombasa hayajaacha kunguruma tangu asubuhi. Huku tuko salama. Mbaazi za kituo cha utafiti zimechanua na mama zetu wanazitazama kupitia ua kama wanaotazama harusi ya tajiri.

Mchungaji amenipa kwaya ya kanisa. Alisikia kwamba nilipita mtihani wa muziki chuoni. Hakusikia kwamba nilipita kwa sababu niliketi karibu nawe.

Sasa nimekwama. Nina wimbo wa sauti nne, na karibu na mwisho kuna fungu la noti nisilolielewa. Besi wako kwenye so. Sauti ya pili ina re, ya kwanza ina fa. Mpaka hapo najua, ni lile fungu la so tulilofundishwa. Lakini sauti ya tatu, mahali pa ti, imepewa do. Tulipoimba hivyo mzee mmoja wa sauti ya tatu, fundi cherehani, alisimama akasema, "Mwalimu, hapa panawasha." Wengine wakacheka, mazoezi yakaishia hapo.

Je, ni kosa la aliyeandika? Na kama si kosa, nawafundishaje watu wasiojua hata kwamba wanaimba so?

Nijibu mapema. Usijisumbue kuuliza ni wimbo gani, ni wimbo wa kanisa tu.

Wako,
Nthenya


Zombe,
9 Februari 1980

Nthenya,

Barua yako imenikuta nikisafisha kinanda cha shule. Panya wamezaa ndani yake, na kila nikikikanyaga hewa inayotoka inanuka mkojo wao. Nimekipiga hivyo hivyo, pua imefungwa kwa leso, ili nikujibu.

Si kosa. Chukua ubao. Andika so, ti, re, fa. Zikisikika pamoja, sikio linadai kwenda nyumbani, yaani kwenye fungu la do. Anayelisukuma zaidi ni ti, kwa sababu iko nusu hatua tu chini ya do na haiwezi kutulia. Sasa ifute ti, weka do mahali pake. Besi bado ameshika so, kwa hiyo fungu bado ni la so na bado linaelekea nyumbani. Ila yule msukumaji hayupo. Fungu linaning'inia. Linajua njia na halina haraka.

Vitabu vinaweka sharti: hiyo do iwe imetoka kwenye fungu lililotangulia, ibaki pale wenzake wakisogea, kisha ishuke kwenye ti kabla ya wote kufika nyumbani. Tazama wimbo wako. Inashuka? Kama inashuka, mtunzi wako amesoma vizuri. Kama haishuki, kama sauti ya tatu inaishika do ileile tangu fungu la fa, ikapita nayo juu ya so, ikafika nayo nyumbani bila kusogea, basi ningependa kumjua huyo mtu. Nilidhani Ukambani nzima ni mimi peke yangu niliyethubutu. Unakumbuka wimbo wangu wa mtihani, ule ambao mwalimu wetu Bwana Mulei aliupaka wino mwekundu na kuandika "TI IKO WAPI?" kwa herufi kubwa, kana kwamba nimeiba ti ya serikali?

Kufundisha ni rahisi. Usiwaambie habari ya mafungu. Waambie sauti ya tatu wafumbe macho waimbe do, na wasiondoke hapo hata wengine wakisogea. Kisha waimbishe wengine. Mwambie fundi cherehani pawashe, asijikune.

Ndinda


Zombe,
2 Machi 1980

Nthenya,

Leo baada ya ibada katibu wa kanisa letu amegawa karatasi za wimbo ambao kila kwaya ya Kitui na Makueni itauimba kwenye tamasha la Wote mwezi ujao. Karatasi za stensili, wino bado unachafua vidole. "Mimi Nipo. Maneno na muziki: Jonah Mulei."

Nimekwenda nyuma ya kanisa nikatapika muthokoi wote niliokula asubuhi.

Hasira naijua, na hii si hasira. Hiki ni kinyaa, kama kumkuta mtu mzima anatumia mswaki wako, na akikuona anaendelea. Nimekumbuka alivyokuwa akilamba kidole kabla ya kufungua daftari zetu. Kona za daftari langu zilikakamaa kwa mate yake. Kidole hichohicho ndicho kimenakili wimbo wangu, neno kwa neno, noti kwa noti.

Noti kwa noti, nasema, kwa maana ile do ipo. Kama ungemwamsha usingizini Bwana Mulei angeandika ti. Amenakili asichokielewa. Lazima aliandika kutoka kwenye nakala yangu safi, kurasa za mwisho za daftari, ambako hakuwa ameweka wino mwekundu.

Kwa hiyo nakuuliza mambo mawili. Wimbo wako wa kanisa ulikuwa huu. Uliuimba nami bwenini ukiwa umejifunga taulo kichwani, unaujua kuliko mtu yeyote aliye hai. Kwa nini uliniletea noti nne tu na kuficha zingine? Na la pili: daftari lile nilikuachia wewe tulipomaliza, kwa sababu sanduku langu lilikuwa limejaa. Liko wapi?

Ndinda


Kiboko,
12 Machi 1980

Ndinda dada yangu,

Usinichukie. Niliona jina lake kwenye karatasi nikaogopa utaumia. Nilitaka unieleze tu lile fungu ili niweze kufundisha, basi.

Daftari liliharibika. Tulikuwa na mchwa nyumbani Desemba, walikula vitu vingi.

Huenda si wizi kama unavyofikiri. Pengine alisahau kuandika jina lako. Ana mambo mengi, ni mjumbe wa kamati ya muziki, analea watoto wawili bila mama yao. Amebadilika sana tangu siku za chuo. Hata sigara ameacha. Ukimwandikia kwa heshima atakusikiliza.

Tena kuna habari nyingine. Kwaya nyingi zimeulizia ile do, na kamati imetuma waraka wenye sahihi yake: "Kosa la stensili. Sauti ya tatu, badala ya do, imbeni ti." Kwa hiyo kila mtu sasa anaimba ti. Fundi cherehani amefurahi. Anasema alijua tangu mwanzo.

Nthenya


Zombe,
20 Machi 1980

Nthenya,

Umejuaje kwamba ameacha sigara?

Siulizi ili unijibu. Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko ulivyofikiri utasomwa. Na mchwa wa kwenu ni wasomi, wakala daftari la muziki wakaacha vitabu vyako vyote vya hesabu, ambavyo mwezi wa Januari ulisema unafundishia.

Waraka umefika hapa pia. Ameiba kitu, na sasa anakivunja mkono ili kiingie mfukoni. Jana nimewasikia watu wetu wakiimba ti. Hakuna hata mmoja aliyeona kwamba kuna kitu kimekufa. Ni laini, kama ugali wa mgonjwa. Nimesimama pale nikiuimba pamoja nao, na hilo ndilo linalonitia kinyaa zaidi: kinywa changu mwenyewe kinatii waraka wake.

Nakuomba kitu kimoja na sitakuomba kingine. Kwaya yako iimbe do.

N.


Wote,
29 Machi 1980

Kwa binti yangu Ndinda,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. Mtu anayekutakia mema amenidokezea kwamba moyo wako umefadhaika kuhusu ule wimbo. Ningependa tulimalize kama mwalimu na mwanafunzi wake.

Mwanafunzi huandika zoezi. Mwalimu ndiye anayelifanya liwe wimbo. Nani alikufundisha sauti nne? Wewe ulitoka Nuu ukiwa hujui besi ni nini. Zoezi lako lilikuwa na kosa kubwa, unalikumbuka, nami nimelirekebisha kwa waraka. Pasipo marekebisho hayo lisingeimbika. Je, wimbo uliorekebishwa ni wa nani? Fikiri polepole, wewe ni msichana mwenye akili, ingawa mkali.

Sina kinyongo. Kamati inaandaa kitabu cha nyimbo arobaini, na mwandiko wako ni mzuri. Njoo likizo ya Agosti unakili stensili. Jina lako nitaliweka mwishoni, kwenye orodha ya waliosaidia.

Mwezi wa Mei utapata mwaliko wa furaha kutoka kwa mtu unayempenda. Usimharibie furaha kwa sababu ya noti moja.

Mwalimu wako,
J. Mulei


Kiboko,
8 Aprili 1980

Ndinda,

Ameniambia kwamba amekuandikia. Basi unajua, au umekisia.

Mbuzi wake wa posa, wa ntheo, walifika kwetu tarehe kumi na tisa Januari. Watatu. Mmoja akachinjwa siku hiyohiyo, wazee wakala, na kwa hesabu ya baba yangu mimi ni mke wa mtu, imebaki kanisa. Barua yangu ya kwanza niliiandika siku tisa baadaye, nikakueleza habari za mbaazi.

Nikuambie na lile lingine, maana sina tena ninachokilinda. Alikuja kumsalimu mama Desemba. Tulikaa barazani na hatukuwa na la kuzungumza. Nilimwogopa bado kama darasani. Nikatafuta kitu cha kumwonyesha, nikaleta daftari lako. Alicheka alipoona wino wake mwekundu. Kisha akafika kurasa za nyuma. Akaomba karatasi na kalamu. Nilimwona akinakili, Ndinda. Nilimpikia chai akinakili. Nilimuuliza, "Ni za nini?" Akasema, "Kumbukumbu." Alipoondoka aliondoka na daftari kwapani, nami nikamsindikiza mpaka barabarani.

Nilikuletea zile noti nne kwa sababu nilitaka ujue bila mimi kukuambia. Sasa naona jinsi hilo linavyonuka.

Kwaya yangu itaimba do. Nimewafumbisha macho kama ulivyosema. Fundi cherehani alikataa wiki nzima, akisema waraka ni waraka. Jumamosi wenzake walimzidi nguvu, akashika do mpaka mwisho, akafumbua macho akaniuliza, "Kwani wengine walikwenda wapi?" Nikamwambia hiyo ndiyo yenyewe.

Mulei hajui. Atajua siku hiyo, akiwa ameketi mbele.

Nthenya


Zombe,
21 Aprili 1980

Nthenya,

Nilikuwepo. Hukuniona kwa sababu niliketi kiti cha mwisho, nyuma ya mama mwenye mtoto wa kikohozi. Kwaya kumi na moja ziliimba ti kabla yenu. Nilikuwa nikihesabu nzi kwenye dari.

Kisha mkasimama ninyi. Sitakuambia nilichosikia. Wewe ulikipunga kwa mikono yako, unakijua. Nitakueleza yaliyofuata, kwa maana wewe ulikuwa umewapa watu mgongo, na baadaye ulikuwa ukitazama viatu.

Mulei alipoisikia ile do alishtuka, akachukua penseli akaandika kitu kwa nguvu. Nilifurahi. Nikasema, sasa atasimama awasahihishe, na mtu atamuuliza. Lakini yule mwamuzi mgeni kutoka Nairobi, mama mfupi mwenye miwani, alisimama kwanza. Akasema, "Leo nimesikia wimbo huu mara kumi na mbili, na mara moja tu nimeusikia. Kwaya ya Kiboko, sauti ya tatu haikusogea. Wengine wote waliondoka, wakarudi wakaikuta. Sijasikia mwisho wa namna hiyo katika wimbo wa kanisa. Mtunzi yupo? Atuambie kwa nini aliandika hivyo."

Nikamtazama Mulei akifuta kile alichoandika. Kwa kidole, Nthenya. Alilamba kidole akafuta.

Akasimama. Akakunja mikono tumboni. "Mama, siwezi kueleza. Nilikuwa nikiomba, na do ikaja. Ni Roho." Watu wakasema amina. Jirani yangu akaniambia, "Dada, unaona unyenyekevu huo?" Mwamuzi akangoja kidogo, kama mtu anayetaka zaidi, kisha akaketi. Nawe ulipiga makofi. Ulikuwa mstari wa mbele, umevaa kitambaa cha buluu, nilikuona mikono.

Kwa hiyo zawadi uliyonipa ameila yeye. Wiki tano zilizopita ilikuwa kosa la stensili, leo ni Roho. Baadaye nilimwona chini ya turubai akinyonya mfupa, mafuta yakimtiririka mpaka kwenye saa, na wanakwaya wamepanga mstari wamshike mkono uleule.

Nataka kukuchukia wewe, na ningeweza, lakini kuna mtu mwingine mbele yako kwenye foleni. Mwamuzi aliuliza, "Mtunzi yupo?" Nilikuwepo. Nilikuwa na miguu na sauti. Miaka yote hii nimemwona Mulei kuwa kitu cha kuokota kwa kijiti, na siku niliyoulizwa waziwazi, mbele ya watu mia nne, niliketi nikishika mkoba wangu. Nakuandikia kurasa na kurasa. Yeye sijamwandikia mstari mmoja. Huo nao ni uchafu, na ni wangu.

Ndinda


Kiboko,
3 Mei 1980

Ndinda,

Mbuzi wamerudi. Kaka yangu aliwaswaga jana alfajiri. Wawili walikuwa walewale. Kwa yule aliyeliwa baba ametoa beberu wake mweusi, na tangu hapo hajanisemesha. Mama amelala na uso ukutani.

Mulei alikuja mwenyewe, jasho kwenye kola. "Mwanamke anarudisha ntheo kwa sababu ya noti?" Nikamwambia, "Hapana. Nieleze tu kwa nini ni do." Akafikiri. Akasema, "Kwa sababu ni tamu."

Kuhusu makofi sina la kujitetea. Mikono ilijipigia yenyewe, watu wote wakipiga.

Daftari halipo, anasema alilichoma. Lakini mimi nipo na niliona. Ukinihitaji niseme mbele ya kamati, nitasema yote, hadi ile chai.

Nthenya


Zombe,
14 Mei 1980

Kwa Katibu, Kamati ya Muziki, Wote

Bwana Katibu,

Wimbo "Mimi Nipo", unaotarajiwa kuchapishwa katika kitabu chenu, niliutunga mimi mnamo Novemba 1976 nikiwa mwanafunzi wa Bwana Jonah Mulei. Naomba jina lake liondolewe na langu liwekwe.

Nina mtu aliyemwona akiunakili, naye yuko tayari kusema. Simleti. Amekwisha kulipa zaidi ya alichodaiwa na mtu yeyote, na tena sitaki wimbo wangu urudi kwangu kwa huruma ya shahidi. Naomba mbao mbili na chaki. Mwekeni Bwana Mulei kwenye mmoja na mimi kwenye mwingine, tupeni utenzi mmoja tusioujua, na kila mmoja aweke lile fungu la so lisilo na ti mahali panapostahili, kisha aeleze kwa nini pale na si kwingine. Mwalikeni yule mama mwamuzi atazame.

Swali lake tamashani halikujibiwa. Nalijibu sasa.

Baba yangu aliimba katika kanisa dogo la Nuu. Alikuwa na noti moja. Kiongozi wa kwaya alimsihi akae na wasikilizaji, watoto wakamcheka, mimi nikiwa mmoja wao, na kwa aibu nilikuwa nikienda kuketi upande wa pili wa kanisa ili watu wasijue ni wangu. Wimbo ukipanda, yeye palepale. Ukishuka, palepale. Siku moja wakamwuliza kwa nini hawafuati wenzake. Alisema, "Nyinyi nendeni tu. Mtanikuta."

Alikufa Agosti 1976, nikiwa chuoni, na barua ilinifikia akiwa ameshazikwa. Nilikwenda kwenye piano nikaitafuta noti yake, nikaizungushia mafungu yote niliyoyajua, moja baada ya jingine. Mengi yaliikataa. Kwenye fungu la so nilipaswa kumwambia ashuke kwenye ti, kama vitabu vinavyotaka, nami nilikuwa nimemwonea haya vya kutosha. Nikaiondoa ti. Hapo nikasikia kwamba hakuwa amekosea. Wao ndio walikuwa bado hawajafika.

Hiyo ndiyo sababu sauti ya tatu haisogei. Yeyote anayeiandikia ti hakuutunga.

Kamati inakaa Jumamosi tarehe 31. Sikualikwa. Nitafika saa tatu asubuhi, na mkiniuliza kama mtunzi yupo, nitasimama.

Ndinda Kilonzo